Kilomita Mia Saba na Arobaini za Figo Moja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya safari za lori. Lina safu nne zilizochapwa: Kutoka, Kwenda, Mzigo, Mafuta. Leo nimezijaza hivi. Kutoka: kilo 104. Kwenda: kilo 94. Mzigo: mimi mwenyewe. Mafuta: ndiyo hayo yanayotakiwa kuteketea.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka sita na kunitangulia akili kwa miaka sitini, mafigo yake yote mawili yamegoma. Mara tatu kwa wiki anafungwa kwenye mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Bado anashona nguo siku za katikati, maana fundi cherehani yule hata akifa atamalizia kwanza pindo la sketi ya mtu. Tumepimwa ndugu, na mimi ndiye niliyelingana naye kama ufunguo na kufuli. Nikamwambia daktari, "Chukua sasa hivi, nina safari mchana."

Daktari akanitazama kuanzia kichwani, akashuka, akafika tumboni akaishia hapo, kwa sababu njia ilikuwa imeziba.

"Upasuaji ni tarehe tatu Juni," akasema. "Lakini simpasui mtu wa kilo mia na nne. Nataka tisini na nne, tarehe ishirini na sita Mei. Usipofika, nafasi inakwenda kwa wengine. Na nikwambie ukweli, mishipa ya dada yako imechoka na sindano. Sina uhakika kama itasubiri zamu nyingine."

Kisha akanipeleka kwa binti wa lishe, msichana mwembamba kama herufi I iliyosimama. Nimempa jina Bibi Lishe. Huyo akanifundisha kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori elfu saba na mia saba hivi, na kwamba mtu akikimbia, achukue uzito wake azidishe kwa kilomita alizokwenda, hapo atapata kalori alizochoma. Makadirio tu, akasema.

Nikacheka. Mimi nifundishwe kukadiria mafuta? Nimeendesha lori miaka ishirini na sita, nchi nne, mipaka tisa. Nikisikia injini inavyopanda kilima nakwambia imekunywa lita ngapi, na ukipima ukakuta nimekosea, kosa ni la kipimo chako. Darasani niliishia la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa, lakini hesabu ya mzigo na umbali hakuna profesa wa kuniambia kitu.

Basi: kilo kumi ni kalori elfu sabini na saba. Gawa kwa mia na nne. Kilomita mia saba na arobaini.

Mia saba na arobaini! Hizo nimeshawahi kuzila kwa siku moja, nikafika na nguvu za kugombana na askari wa mpakani. Nina siku themanini na nne. Kilomita tisa kwa siku, kazi imekwisha.

Jioni nimetoka na lori kupima njia: getini kwangu, mashine ya unga, tanuri za matofali, uwanja wa mpira, tangi la maji, nyumbani. Mita ya lori imesoma tisa kamili, kama vile barabara ilikuwa inanisubiri mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nilipofika mashine ya unga mapafu yalikuwa yananiuliza nimewakosea nini. Mama wa mashine akapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Dereva! Gari limekuzimikia wapi tukusukume?"

Nikamwambia, "Liko gereji, nalifanyia mazoezi kwa niaba yake."

Nimemaliza zote tisa. Nyingine nimetembea. Kalori 936. Nimeandika kwa wino mwekundu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshuka kitandani kwa awamu tatu. Sikukimbia.

Alhamisi, 6 Machi

Km 9. Kalori 936. Mke wangu amenitazama nikifunga kamba za viatu, nikihema kama niliyekwisha kurudi, akasema, "Baba watoto, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Nikamwambia mimi sakafu yangu haina ukingo, ni barabara kuu.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua zimeanza, na zimeanza kwa hasira. Pale kwenye tanuri za matofali udongo umekuwa mlenda, kila hatua kiatu kinabaki nyuma kunifikiria. Km 9. Kalori 936.

Jumatatu, 17 Machi

Mizani: 103. Bibi Lishe akauliza, "Hizo tisa unakimbia zote, mzee?"

"Nyingine natembea kwa heshima."

"Kutembea hesabu yake ni ndogo, karibu nusu. Na heshima haichomi kitu."

Kumbe anao mdomo. Nimeanza kumpenda. Kuanzia kesho nakimbia zote, hata kama ni kwa mwendo wa kobe mwenye mimba.

Jumanne, 18 Machi

Zote. Zote tisa, bila kutembea! Kobe amejifungua salama. Kalori 936.

Jumatano, 19 Machi

Km 9. 936. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Km 9. 936. Mvua. Nikirudi najisikia njaa ya wanaume watatu, na mimi ni mtu wa haki: gari likitoka safari hujazwa. Vipande viwili vya mkate na siagi, yai, kikombe cha chai ya maziwa. Kidogo tu, juu ya chakula cha kawaida. Nimechoma 936, nirudishe hivyo vidogo, bado nina faida kubwa.

Jumatatu, 31 Machi

Mizani: 102.5.

Kwa hesabu yangu ilitakiwa kuwa mia na nukta saba hivi. Nikamwambia Bibi Lishe mizani yake imelegea. Mimi mizani nazijua, nimepimwa kwenye barabara za nchi nne na sijawahi kukutana na mizani ya serikali isiyo na kinyongo na dereva.

Akapanda yeye. Ikasoma hamsini na mbili. "Ndivyo nilivyo," akasema. Nikampandisha na mlinzi wa mlangoni. Naye akasema ndivyo alivyo.

Nimerudi nyumbani kimya. Mke wangu ameniuliza kama ninaumwa.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda kumwona Dada. Nimemkuta kwenye cherehani, mguu umevimba kama mto wa kochi lakini unakanyaga. Pembeni kuna kikombe kidogo cha bati. Hayo ndiyo maji yake yote ya siku. Mafigo yamekufa, akinywa zaidi yanambaki mwilini yanampanda mpaka mapafuni. Anaweka ulimi, analowanisha, anafunika. Alivyokifunika kile kikombe, mtu angedhani ndani mna dhahabu.

"Umefika wapi, mdogo wangu?"

"Njiani."

"Njiani ni jina la kijiji?"

Shemeji alikuwepo. Shemeji, yaani mume wake, anapima barabara za mji. Amefanya kazi hiyo tangu ujana, na nadhani maneno yake nayo ameyapima akaona hayatoshi kugawia watu. Alikaa kwenye kona anakunja vitambaa. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku tulipopimwa ndugu: huyu mtu amelala na dada yangu kitanda kimoja miaka thelathini, mbona hatukumsikia akisema "nipimeni na mimi"? Mwembamba, mzima, hana hata kikohozi. Mimi bonge ndiye ninayekimbia kwenye matope, yeye anakunja vitambaa. Kuna watu Mungu amewaumba kama friji: wamesimama, wana baridi, na wanaguna mara moja moja.

Aliguna kweli. Akasema, "Shemeji, njia yako uliipima na nini?"

"Na lori."

"Tairi ni zilezile lilizotoka nazo kiwandani?"

Nikamtazama. Mimi! Kuulizwa tairi na mtu asiyejua hata kubadilisha gia! Nikamwambia, "Shemeji, wewe pima mitaro." Dada akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Jumatatu, 7 Aprili

Km 9. 923, maana sasa nazidisha kwa uzito wa mwisho niliopimwa. Goti la kulia linalia kama mlango wa kanisa.

Jumatano, 9 Aprili

Km 9. 923. Mvua ya mawe. Sikusimama.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo lazima niandike kirefu, hata kama mkono hautaki.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha ile ya kusimama, kama kamba. Nikatoka. Nimepita mashine ya unga, nafika tanuri za matofali, mbele yangu namwona mtu na koti la mvua la njano, anasukuma kijiti chenye gurudumu moja. Anasukuma taratibu, anaangalia chini, anakwepa dimbwi, anarudi kwenye mstari. Nilipomkaribia nikamtambua. Shemeji.

"Gari lako limebaki na tairi moja?" nikamtania.

Hakucheka. Akanionyesha kisanduku kidogo cha namba kwenye kijiti. "Nimeanzia getini kwako," akasema. "Endelea, Shemeji. Tutaonana huko mbele."

Nikaendelea. Nilipofika nyumbani nikaoga, nikajaza tanki kama kawaida, mkate na yai. Baada ya saa nzima ndipo akatokea getini, amelowa mpaka ndani ya masikio. Mke wangu akampa taulo. Akakataa kiti kwa sababu ya matope. Akaniwekea kijiti mbele yangu nisome mwenyewe.

Kilomita nane na mita mia moja.

"Hicho kidude chako kinadanganya," nikasema.

"Labda," akasema. "Twende tukaangalie tairi."

Tukaenda uani kwenye lori. Mvua inatupiga. Akainama kwenye tairi la nyuma, akafuta matope kwa kiganja, akaanza kusoma namba za ubavuni. Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nimekwisha kukumbuka.

Mwaka juzi nilikosa tairi za saizi yake, nikafunga ndogo zaidi kwa muda. Muda ule ndio huu. Na kila mtu aliyewahi kushika usukani anajua: tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kumaliza njia ileile, na mita inahesabu mizunguko, haihesabu barabara. Mita inakuongezea sifa. Mimi hilo nimewafundisha madereva kumi na wawili. Nimewacheka watu hadharani kwa kosa hilo, nikiwa nimekaa juu ya tairi zenyewe!

Kwa wiki sita nimekuwa nikijiandikia kwa wino mwekundu mita mia tisa za uongo kila siku.

Nilitaka kugomba. Nilishafungua mdomo. Shemeji akasema polepole, bila kunitazama, "Sikuja kukuaibisha. Nilikaa na dada yako juzi kwenye mashine. Nikawaza, huyu ndugu yake anakimbia kila siku na mizani haisogei, basi kuna kipimo kimoja kimepinda. Mimi kazi yangu ni hiyo tu."

Nikasema asante. Limetoka kama jino.

Jumatatu, 14 Aprili

Mizani: 101.8. Wiki sita zimekwisha, zimebaki sita. Nimepungua kilo mbili na gramu mia mbili. Zimebaki saba na gramu mia nane.

Nimemwambia Bibi Lishe habari ya tairi. Hakucheka, na hapo nikajua mambo ni mazito. Akaomba daftari. Akasoma kurasa zote, hata mahali nilipomsema. Halafu akauliza, "Hii 'kujaza tanki' ni nini?"

Nikamweleza kwa fahari.

Akavuta karatasi. "Sikiliza, mzee. Lori likisimama na injini inanguruma, linakunywa?"

"Linakunywa kidogo."

"Na wewe ndivyo. Muda ule unaokimbia, hata ungekuwa umelala ungechoma kama mia na ishirini. Hizo usizihesabu, si za mbio. Sasa nane nukta moja, mara mia na moja nukta nane, toa mia na ishirini."

Nikafanya. Mia saba na tano.

"Mkate, siagi, yai na chai yako ni kama mia tatu za nyongeza. Toa."

Mia nne na tano. Mimi nimekuwa naandika mia tisa na ushee! Akazidisha kwa siku arobaini na mbili, akagawanya kwa elfu saba na mia saba, akanigeuzia karatasi. Kilo mbili na gramu mia mbili. Ndicho nilichopungua, ndicho hasa. Mizani haikuwa na kinyongo na mtu. Ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nabishana nayo.

"Nimeshindwa?" nikamuuliza.

"Kilo saba nukta nane kwa siku arobaini na mbili ni kalori elfu moja mia nne na thelathini kwa siku. Mia saba barabarani. Zilizobaki kwenye sahani. Watu wameweza. Wengi hawakuweza."

Nimepiga mstari juu ya kila "Km 9" kwenye kurasa zote za nyuma. Imechukua dakika arobaini. Sikutaka mtu akilisoma daftari hili aamini umbali ambao sikuuenda.

Jumanne, 15 Aprili

Km 8.1. Kalori 705. Nimerudi, nimekunywa maji, nimekaa. Mke wangu ameweka mezani maharage, mboga na kipande cha samaki, sahani ndogo ya wageni. Nikamuuliza wageni wako wapi. "Ni wewe," akasema. "Yule mwenye nyumba ataondoka."

Jumatano, 16 Aprili

Km 8.1. 705. Njaa.

Alhamisi, 17 Aprili

Km 8.1. 705. Njaa ina sauti. Inafanana na ya marehemu bosi wangu.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemsindikiza Dada kwenye mashine kwa kuwa Shemeji alikuwa kazini. Sindano ya kwanza ilikosa mshipa. Ya pili ikakosa. Ya tatu nesi akamwita mwenzake. Dada alikuwa ananitazama mimi, si mkono wake, na anazungumza kama yuko sokoni.

"Nasikia mume wangu amekupima."

"Amenipima, akanikuta mfupi."

"Usimchukie."

"Simchukii. Ila Dada, acha niseme. Mtu mzima kama yule, kwa nini hakujitolea yeye?"

Sindano ikaingia. Akavuta pumzi, akasema, "Alikuwa wa kwanza. Kabla sijawaambia nyinyi ndugu zangu, yeye alikwisha kwenda peke yake akanyoosha mkono. Damu yake haikukubaliana na yangu. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi mpaka chakula kikapoa. Akaniomba nisimwambie mtu, anaona haya, kama vile yeye ndiye amekosea kuumbwa."

Nimeandika mambo mengi kuhusu yule mtu kwenye daftari hili. Nilitaka kuchana ule ukurasa wa friji. Nimeuacha ukae hapo uniangalie.

Jumatatu, 28 Aprili

Mizani: 99.0! Namba mbili! Mara ya mwisho kuwa na namba mbili nilikuwa na nywele.

Ijumaa, 2 Mei

Goti limevimba. Bibi Lishe amesema nipumzike siku moja na nipunguze sahani, nisipunguze goti. Nimepumzika. Siku imekuwa ndefu kuliko foleni ya mpakani.

Jumapili, 4 Mei

Km 8.1. Shemeji alikuwa kwenye tangi la maji na mwavuli. Nilipita, akainua mwavuli kidogo kama mtu anayenyanyua kofia. Nilipofika nyumbani nikagundua nimekimbia kipande cha mwisho haraka kuliko siku zote, kwa ajili ya kumringia mtu aliyeinua mwavuli.

Jumatatu, 12 Mei

Mizani: 96.5. Mama wa mashine ya unga ameniambia suruali yangu imeachwa na mume.

Jumanne, 13 Mei. Km 8.1. Mvua.

Jumatano, 14 Mei. Km 8.1. Mvua.

Alhamisi, 15 Mei

Km 8.1. Dada amelazwa. Maji yalimpanda mapafuni kwa kuwa mashine ilimaliza nusu tu, mshipa ukaziba. Ametolewa hatarini. Daktari amenikuta kwenye korido, akaniuliza, "Ngapi?" kabla ya kunisalimu.

Jumatatu, 19 Mei

Mizani: 95.3. Imebaki kilo moja na gramu mia tatu. Siku saba. Kwa hesabu ya kweli inaponea kwenye tundu la sindano.

Jumamosi, 24 Mei

Nimepita kwenye duka la nafaka nikajipima kwenye mizani ya magunia: 94.9. Kila usiku nikifumba macho naiona ile nukta.

Sasa nikiri. Mimi mizani nimeishi nazo. Dereva aliyezidisha mzigo hashushi mzigo. Anamwaga maji ya tangi la akiba, anafika na dizeli ya kunusa, anapita, mbele ya safari anajaza. Na mwili wa mtu ni maji matupu. Kilo moja ni lita moja. Nisipokunywa leo na kesho, Jumatatu nitapita nikipiga honi.

Tangu saa nne asubuhi sijanywa.

Jumapili, 25 Mei

Midomo imepasuka. Nimekimbia hivyohivyo. Nilipofika uwanja wa mpira dunia ilipiga kona bila mimi, nikashika nguzo ya goli. Nikamaliza.

Mchana nikaenda kumwona Dada, ametoka hospitali, yuko kitandani, kile kikombe cha bati kiko kwenye stuli. Shemeji akaniletea glasi ya maji baridi, ile inayotoa jasho kwa nje. Nikasema, "Asante, sina kiu." Sauti ilitoka kama karatasi ya msasa.

Dada akafungua macho.

"Njoo hapa. Toa ulimi."

"Dada, mimi nina miaka hamsini na moja."

"Toa ulimi!"

Nikatoa. Akautazama. Akatazama glasi. Akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kila kitu, maana huyu ndiye aliyekuwa akinikamata na sukari ya kuiba kabla sijaitafuna.

"Unaikausha mizani."

"Kilo moja tu, Dada. Kesho nikitoka pale nakunywa pipa."

Sijawahi kumwona akiwa na hasira kiasi kile. Alikaa, yeye ambaye asubuhi aliinuliwa na watu wawili. "Figo linakula nini, wewe dereva? Linakula nini kama si maji? Kesho watakupima damu kabla ya mizani. Wakikuta limekauka watasema ni bovu, watanifungia mlango usoni! Unanikaushia figo langu! Langu! Mimi naota maji. Nikilala naota bomba limefunguliwa, nawahi, nikifika naamka. Wewe umeletewa glasi nzima unasema hutaki!"

Akaanza kulia, machozi mawili tu, hana mengi ya kutoa.

Shemeji alikwenda jikoni akarudi na jagi, akaliweka sakafuni mbele yangu, akapiga magoti akanijazia glasi. Nikanywa. Akajaza. Nikanywa. Dada alikuwa anahesabu, koo lake linameza pamoja na langu, na mimi sikuweza kumtazama. Nimekunywa jagi zima, na jingine. Mia mbili na hamsini, mia tano, kilo moja, kilo mbili. Nilikuwa najua ninachokifanya. Kila glasi ilikuwa inanirudisha nyuma ya mstari, na nilimeza yote.

Jumatatu, 26 Mei

Damu: safi. Daktari amesema mafigo yangu ni ya kijana.

Mizani: 94.6.

Nikasema, "Daktari, jana nilikuwa na njia ya kuja hapa na tisini na tatu. Nimekuja na ukweli." Nikamweleza.

Akavua miwani. "Ungenijia na damu iliyokauka ningekufuta kabisa." Akafungua kalenda, akahesabu kwa kalamu. "Ijumaa. Saa mbili asubuhi. Baada ya hapo siwezi kuishikilia nafasi hii hata kama ungekuwa mwanangu."

Gramu mia sita. Kalori elfu nne mia sita na ishirini. Siku nne. Elfu moja mia moja na hamsini na tano kwa siku. Barabara inatoa mia sita arobaini na sita, sababu sasa mimi ni mwepesi na gari jepesi hunywa kidogo. Sahani itoe mia tano na tisa. Maji lita mbili na nusu kila siku, ameandika Bibi Lishe kwa herufi kubwa, amepiga mstari mara tatu.

Leo mchana nimeshakimbia moja.

Jumanne, 27 Mei

Km 8.1. Kalori 646. Maji yote.

Jumatano, 28 Mei

Km 8.1. 646. Maji yote. Mvua imenyesha upande mmoja wa barabara tu. Nimekimbia upande huo.

Alhamisi, 29 Mei

Km 8.1. 646. Goti linaongea lugha nne. Mke wangu amekula sahani ndogo kama yangu wiki hizi zote na mimi sikuwa nimeona. Nimeiona leo, mfupa wa bega lake. Nikamwambia, "Mama watoto, wewe hukutakiwa." Akasema, "Nani angekula wali mbele yako? Mimi ni mkeo, si adui."

Ijumaa, 30 Mei

93.9.

Jumatatu, 2 Juni

Niko wodini. Daktari wa usingizi ameuliza uzito wangu ili apime dawa. Nikamjibu mpaka nukta, akasema mgonjwa wa namna hii hajapata kumwona. Dada yuko chumba cha jirani, ametuma ujumbe kwa nesi: "Mwambie akihofia, aimbe, lakini kwa ndani." Sihofii. Naandika tu ili mkono uwe na kazi.

Jumatano, 4 Juni

Mwandiko ni mbaya, nisamehewe. Nimeamka jana jioni na mshono ubavuni kama zipu ya begi. Leo asubuhi nesi aliniambia yote yamekwenda vizuri lakini tusubiri, figo jipya wakati mwingine linagoma siku mbili tatu kama mfanyakazi mgeni. Nikasubiri. Sikuwa na kitu cha kukimbia wala cha kuzidisha. Nilikuwa nasikiliza korido.

Saa tano kasoro nikasikia viatu vinapiga sakafu, vinakuja mbio, na sauti ya mwanamume inapiga kelele kabla hajafika mlangoni. Sikuijua ile sauti. Mlango ukafunguka, ni Shemeji, shati limetoka nje, macho yamejaa maji.

"Amekojoa! Shemeji, amekojoa! Lita nzima, na bado inakuja!"

Wagonjwa wote sita wakageuka. Nesi akatoka nyuma ya pazia. "Mzee, tafadhali, punguza sauti, hii ni wodi."

Akasimama pale, akavuta pumzi, akachomeka shati. Akaja mpaka kitandani kwangu, akainama sikioni.

"Shemeji," akaninong'oneza, "amekojoa."